Pijo Ikilewa Petroli Bondeni Lambwe

Anza kwa kuzima sigara. Kama wewe huvuti, mzimishe anayevuta, maana gari la zamani likikwama kwenye barabara za Lambwe halikai peke yake. Atasimama kijana wa boda boda, atateremka mzee kwenye baiskeli, watakuja watoto wanaotoka shule, na katika umati huo hakosekani mmoja mwenye sigara mdomoni anayetaka kuinama achungulie kabureta kwa karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hushuka, hutambaa chini ya gari na kukaa hapo ukingoja moto. Mwambie kwa adabu, “Jaduong’, tafadhali utuvutie upande ule wa pili wa barabara,” naye atakwenda, kwa sababu umemwomba kwa heshima mbele za watu. Ukimfokea atabaki kubishana mpaka sigara iishe, boneti likiwa wazi.

Hatua ya pili ni kuugawia umati kazi. Mtoto aliye makini kuliko wenzake mpe kofia yako, aweke ndani kila nati na kila skrubu utakayofungua. Hii si kazi ya kumpumbaza mtoto. Udongo mweusi wa bonde hili hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na skrubu ya kabureta ikidondokea humo umeipa ardhi. Yule anayesisitiza kwamba shida ni betri mweke nyuma ya gari, tayari kwa kusukuma. Ukishazungusha starta nusu saa, maneno yake yatakuwa kweli. Na yule anayesema, “Omera, hii kitu uza vyuma chakavu,” mkabidhi tochi. Akishaona ndani ya kabureta kwa macho yake hatasema hivyo tena.

Mwongozo huu ni wa Pijo 504 ya kabureta, ile ambayo bado utaiona kati ya Homa Bay, Mbita, Sindo na Ndhiwa ikibeba magunia, wagonjwa na mara nyingine ng’ombe. Mwenye 404 aufuate vile vile, na mwenye Land Rover ya kale atapata kwake karibu kila kitu ninachokitaja, isipokuwa sehemu chache zitakazokaa upande mwingine.

Haya, nusa. Injini iliyokunywa kupita kiasi hutoa harufu ya petroli mbichi hata kabla haijawaka. Ikikubali kuwaka inatetemeka, inatoa moshi mweusi, inalipua kwenye bomba la moshi na kuwashtua kuku wa boma la jirani. Hapo ndipo wengi huabiri matatu hadi duka la spea na kununua kila kilicho kwenye rafu: plagi, koili, nyaya, hata kabureta nzima. Wanafunga vyote kwa pamoja na gari linarudi kumisi, yaani kuruka mapigo, kama jana. Pesa ya karo ya mtoto imekwisha, na hakuna aliyejua ni nini kilichokuwa kibovu.

Kuna hitilafu mbili hapa, na kila moja huizaa nyingine. Petroli ikizidi, plagi hulowa, cheche hufa, silinda inamisi. Cheche ikitangulia kufa, petroli iliyoingia silindani haiungui, inabaki humo, na plagi hulowa vile vile. Ukifungua unakuta hali ile ile: plagi nyeusi, mbichi, zinazonuka. Kazi yako yote leo mchana ni kujua ipi ilitangulia. Mengine ni spana tu.

Lakini huwezi kumhoji mlevi. Kwanza alevuke. Sukuma choki ndani yote. Kanyaga akseleta mara moja mpaka chini na uishikilie hapo hapo. Usiipige-pige! Kila ukiikanyaga upya, kipampu kidogo ndani ya kabureta humwaga petroli nyingine kooni, na wewe unadhani unaisaidia. Akseleta ikiwa chini kabisa, mlango wa hewa unafunguka wote na hewa nyingi inapita kukausha kilicholowa. Zungusha starta sekunde kama kumi, pumzika nusu dakika ili starta nayo ipoe, kisha rudia. Ikishika, usiiachilie akseleta kwa ghafla. Ipandishe polepole injini ikijikohoza.

Ikikataa, toa plagi. Kwenye Pijo hizi plagi zimezama ndani ya mashimo marefu katikati ya kichwa cha injini, na hufikiwa kwa vishikio virefu. Kabla hujatia spana, mulika kila shimo. Nimeeleza mengi na nitaeleza mengine, ila hili ndilo ningependa ulikumbuke: ukiona duara la kutu kuzunguka shingo ya plagi, na tope jepesi limekauka juu yake kama utando, maji yalikaa humo. Yaliingia ulipovuka mto Lambwe baada ya mvua, au mtu aliosha injini kwa ndoo akitaka ipendeze harusini. Oili nayo huingia humo mpira wa kuzibia ukichakaa. Shimo likiwa na maji au oili, umeme hauendi kwenye ncha ya plagi, unatorokea ubavuni. Hapo cheche ndiyo iliyotangulia kufa, na kabureta yako haina kosa lolote. Nyonya maji kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, puliza vumbi, ndipo ufungue. Ukifungua kwanza, uchafu wote unaangukia silindani.

Plagi zipange juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake, usizichanganye. Zote nne zikiwa nyeusi na zimelowa, shida inatoka mahali panapolisha silinda zote: kabureta, choki, eya klina, au koili na pointi. Moja ikiwa nyeusi na tatu zina rangi ya kahawia kavu, shida ni ya silinda hiyo peke yake: plagi yenyewe, waya wake, shimo lake, au vali. Gazeti hilo lina maana kuliko ushauri wa watu ishirini, na anayekuja kuchungulia mwonyeshe, naye ajifunze. Kausha plagi, zisugue kwa brashi ya waya, na uangalie pengo la ncha. Kwenye 504 nyingi za kabureta ni karibu milimita 0.6, unene unaokaribiana sana na ule wa jani la msumeno wa chuma, kwa hiyo hata kinyozi mwenye karakana ya baiskeli pembeni anaweza kukuazima kipimo. Kabla hujarudisha, chomoa waya wa koili, uwasogeze watu, uzungushe starta mara chache mashimo yakiwa wazi. Petroli iliyokaa ndani itatoka kama dawa ya kunyunyizia ng’ombe. Ndiyo maana sigara ilivuka barabara.

Sasa injini imelevuka, ianze kuhojiwa. Rudisha plagi na waya wa koili, iwashe, iache ingurume taratibu. Uvishe mkono wako kitambaa kikavu kinene, chomoa kishikio cha plagi moja, sikiliza, rudisha; chomoa cha pili, sikiliza, rudisha. Silinda nzima ukiitoa kazini, mlio hushuka na injini hutikisika. Silinda mbovu ukiitoa, hakuna kinachobadilika. Umempata. Hamishia plagi yake kwenye silinda nyingine: ubovu ukihama nayo, plagi ndiyo. Usipohama, fuata waya mpaka kwenye kifuniko cha distribyuta.

Kifuniko hicho kitazame usiku. Barabara nyingi za bonde hazina taa, na giza hilo ni karakana ya bure. Injini ikiunguruma, boneti wazi, tochi imezimwa, utaona nyuzi za buluu zikiruka kutoka kwenye waya uliopasuka hadi kwenye chuma, au zikitambaa juu ya kifuniko kufuata ufa mwembamba ambao mchana hauonekani hata ukivaa miwani. Ndani ya distribyuta pointi zina pengo lake, takribani milimita 0.4, na nyuso zake zikiwa zimeungua kilima upande mmoja na shimo upande wa pili, mshuku kondensa. Huyo ni kopo dogo la chuma lenye waya mmoja, na amewafilisi watu wengi. Kondensa akianza kuchoka, gari huwaka vizuri asubuhi, hutoka Homa Bay likiimba, kisha injini ikishika moto linamisi, linalipua, linazima. Likipoa linawaka tena na mwenye gari anamshukuru Mungu. Koili mbovu nayo ina tabia hiyo hiyo. Beba kondensa wa akiba aliyejaribiwa, siyo aliyebaki kwenye pakiti tangu alipotoka dukani. Vipya siku hizi vingine hufa mapema kuliko vikuukuu.

Kama plagi zote nne zilikuwa nyeusi na umeme ni mzima, geukia kabureta. Choki kwanza, kwa sababu ni bure: waya wake hushika kutu, ukaona kishikio kimerudi ndani kumbe kibamba chenyewe bado kimeziba hewa. Fungua eya klina ukitazame kwa macho. Eya klina yenyewe itikise. Vumbi la marram la kutoka Magunga hadi Sindo likiijaa, injini inavuta petroli badala ya hewa. Kisha zima injini, mwite mwenye tochi, mulike kooni mwa kabureta. Pawe pakavu. Ukiona tone linaning’inia kwenye mdomo wa jeti, linanenepa, linadondoka, lingine linafuata, hilo ndilo ungamo. Petroli kwenye bakuli imepanda kupita kiwango chake, na hakuna plagi mpya duniani itakayoizuia.

Kinachoizuia ni floti na sindano yake. Petroli ikijaa, floti huelea na kuisukuma sindano ifunge mlango. Toa floti uitikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ikicheza ndani, imetoboka, imezama, na mlango uko wazi mchana kutwa. Tundu lisipoonekana, izamishe kwenye maji ya moto yaliyokwisha kuondolewa jikoni: mapovu yatakuonyesha mahali. Floti ikiwa nzima, geuza kifuniko cha kabureta juu chini ili sindano ijifunge, upulize kwenye bomba la kuingizia petroli. Pumzi ikipita, petroli pia inapita. Mara nyingi utakuta punje moja ya kutu kutoka kwenye tangi, ndogo kuliko mbegu ya wimbi, imekaa kati ya sindano na kiti chake. Osha, rudisha, na kabla ya pampu funga kichujio kidogo kile cha plastiki. Nakusihi usipite siku bila hicho.

Kuna ulevi wa namna nyingine unaompata mtu anayepanda ukuta wa Kanyamwa mchana akiwa na mzigo, akafika juu, akazima gari anunue soda. Akirudi, haliwaki. Joto la injini limepanda kwenye kabureta, petroli imechemka bakulini na kumwagikia kooni yenyewe. Hakuna kilichoharibika. Akseleta chini, choki ndani, kama nilivyosema, au unywe soda yako polepole boneti likiwa wazi kwa robo saa. Ninasikitika sana nikiwaza kabureta nzima zilizotupwa kwa kosa hili ambalo si kosa.

Na mwinuko pia una neno lake. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na bonde linapanda kutoka hapo hadi mita 1,600 hivi upande wa Ruma. Kanieneo ya hewa hapa ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya nane. Petroli huungua sawasawa injinini ikipata kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo yake moja. Hewa ikipungua na jeti ikibaki ile ile, mchanganyiko unanenepa. Kwa hiyo binamu wa Pwani aliyekuuzia kabureta, akaapa kwamba kwake ilikuwa inakwenda kama saa, hakukudanganya. Ilikuwa inakwenda, huko. Hapa ipunguzie jeti namba moja au mbili, na skrubu ya sailensa, ile ya mngurumo wa taratibu, uirekebishe injini ikiwa moto.

Kisha petroli yenyewe. Chupa zinazouzwa kwenye steji za boda boda zimeokoa wengi usiku, nami sitawasema vibaya akina mama wanaoziuza. Lakini petroli iliyotiwa mafuta ya taa haigeuki mvuke upesi, huacha masizi kwenye plagi, na Pijo yenye afya inaanza kumisi ndani ya kilomita chache. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue, na mwananchi mwenye koroboi ndiye aliyeumia. Kipimo cha barabarani ni karatasi nyeupe: dondosha tone, ungoje. Petroli safi hukauka na kuondoka; yenye mafuta ya taa huacha doa la utelezi. Kama tangi limeshajaa mchanganyiko huo, usihangaike na kabureta. Limwage kwenye jerikeni na uanze upya.

Ikitokea gari likazima karibu na Mbuga ya Ruma, vaa mikono mirefu kabla ya kufungua boneti. Eneo hilo lilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1966, likawa mbuga ya taifa mwaka 1983, na ndipo mahali pekee Kenya anapoishi porini korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe za kupinda nyuma. Anaishi na mbung’o. Mbung’o hufuata kitu kikubwa kinachotembea na hupenda buluu na nyeusi, ndiyo sababu mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Pijo ya buluu inayokuja taratibu ikikohoa ni sherehe kwake. Watu wa hapa walizikwa kwa sababu ya mdudu huyu. Mlipuko wa malale wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 bado unasimuliwa nyumba kwa nyumba. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba malale si tishio tena la afya ya umma nchini Kenya, na hilo ni jambo la kushangilia, ila nzi mwenyewe hajasoma tangazo na sindano yake ingali inauma. Kama injini inaweza kusogea hata kwa silinda mbili, isogeze mpaka palipo wazi, mbali na vichaka.

Akirudi yule wa vyuma chakavu na bei yake, mpe historia. Mbio za Safari za mwaka 1963 zilimalizwa na magari saba tu, na lililotangulia lilikuwa Pijo 404 ya Nick Nowicki. Mwaka 1968, katika matope mabaya, yakafika saba tena, na mbele yao Nowicki yule yule na 404. Katikati, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania alishinda mara mbili mfululizo, na gari ni hilo hilo. Ndugu yake 504 akashinda 1975 akiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 kwa Jean-Pierre Nicolas. Gari lililovuka mito ya Afrika Mashariki mbele ya wote halikosi heshima kwa sababu ya punje ya kutu. Mtu anayeliuza kwa kilo kabla ya kufungua bakuli la kabureta ananiuma moyo, nami sioni haya kulisema.

Injini ikishatulia, bado kuna kazi moja kabla ya kuondoka. Chomoa kijiti cha oili, nusa. Petroli iliyofurika haikuishia silindani. Iliteleza kando ya pistoni ikashuka kwenye sampu. Oili ikinuka petroli, ikiwa nyepesi kama chai, na kiwango kimepanda juu ya alama bila mtu kuongeza, usiende nayo hata hadi Mbita. Imwage, weka nyingine. Bei ya lita nne haifiki hata robo ya bei ya kurekebisha kranki.

Na safari ijayo gari likimisi, usilifungue mwenyewe. Vijana wa jua kali wa Rodi Kopany na Homa Bay wanazijua Probox kwa kufumba macho, wanasoma kompyuta ya gari kwa simu, lakini wengi wao hawajawahi kushika pointi za distribyuta, kwa maana waliowafundisha walishaanza na magari yasiyo nazo. Mwite mmoja, mkabidhi fila geji, kile kipimo cha pengo, wewe ukae juu ya stuli umwambie tu achomoe kishikio cha plagi ya kwanza asikilize. Akifika kwenye pointi, atakosea pengo. Mwache apime tena.